Haya, Siri na Maradhi Yasiyouma

Mwanamke anaoga. Kopo liko mkononi, ndoo iko miguuni, sabuni imekwisha kupita shingoni na mabegani, na mkono wa kulia unalipitia ziwa la kushoto kama ulivyolipitia kila siku tangu alipovunja ungo. Leo mkono unasita. Pana kitu chini ya ngozi, mfano wa kokwa ya ukwaju: kigumu, hakitelezi chini ya kidole, wala hakiumi. Mkono unaondoka, kisha unarudi kukitafuta ukitumai hautakikuta, na unakikuta pale pale. Anajimwagia maji yaliyosalia, anajifunga kanga, anatoka. Uani anaulizwa mbona leo amekawia. Anajibu kwamba maji yalikuwa baridi.

Jibu hilo dogo ndilo linalostahili kutazamwa. Si uongo wa kumdhuru mtu, na hakuna mwenye adabu atakayemtaka mwanamke atangaze uani habari za mwili wake. Hata hivyo ndipo siri ilipozaliwa, na siri hii ina ajabu yake, kwa kuwa mwenye kuificha anaanza kwa kujificha yeye mwenyewe. Siri ya mtungi, wasema wahenga, aijuaye ni kata. Kata imekwisha kuzama mtungini na kurudi. Je, yaweza kusema haijui kilichomo? Mtu aliyekwisha kugusa aweza kurudi akawa kama hajagusa? Na iwapo hawezi, kunyamaza kwake ni haki yake au ni dhuluma. Na kama ni dhuluma, anayedhulumiwa ni nani?

Wepesi wa kujibu ni wa wale ambao hayajawafika. Mabango ya afya humwambia mwanamke awahi, ajichunguze, asiogope, kana kwamba kinachomzuia ni ujinga tu. Ujinga upo, lakini si wote wanaonyamaza ni wajinga. Mwanamke wa Unguja, wa Pemba au wa Lamu aliyelelewa vyema amefundishwa kwamba mwili una sitara yake. Haya kwake ni elimu. Ameipata kwa mama, kwa bibi, na kwa somo aliyemfunda, akamwambia lipi la kuonyesha, lipi la kusitiri, na mbele ya nani. Mwenye haya ni mtu anayeijua mipaka. Kumwambia aitupe haya ili apone ni kumtaka apone huku akiwa mtu mwingine, na hoja yoyote inayoanzia hapo imeshindwa kabla haijabisha hodi.

Kuna na kizuizi kingine ambacho hakitajwi sana, nacho kimo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina njia mbili kongwe za kusema kwamba mtu ni mgonjwa. Ya kwanza ni kusema kuwa anaumwa. Ya pili, ambayo wazee wa pwani wameienzi zaidi, ni kusema kuwa hawezi. Neno la kwanza lataka maumivu: pawe na kitu kinachouma, na mtu anayeumwa nacho. La pili lataka udhaifu: mtu ashindwe na kazi aliyokuwa akiiweza jana. Sasa mwanamke huyu haumwi. Na anaweza: ameamka kabla ya adhana, amekanda unga, amechoma maandazi, amefua, amewatoa watoto kwenda chuoni. Akiulizwa hali akajibu kuwa hajambo, amesema kweli kwa mizani yote miwili ya lugha yake. Kivimbe kimepenya baina ya maneno mawili, na hakuna la tatu lililosimama mlangoni kukizuia.

Si mchezo wa maneno huo. Saratani ya ziwa, katika mwanzo wake, aghalabu haina maumivu yoyote, na kivimbe kisichouma chastahili kutazamwa upesi sawa na kile kiumacho, pengine zaidi. Hali kadhalika dalili nyingine: ngozi kubonyea au kuwa mfano wa ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kurudi ndani, damu kutoka katika chuchu, tezi kuvimba kwapani. Zote zaweza kuja kimya kimya, bila ya mtu kulala kitandani hata siku moja.

Jina lenyewe la maradhi haya limesafiri sana. Wagiriki waliyaita karkinos, Waroma wakayaita cancer, Waarabu wakayaita saratan, na maneno yote matatu maana yake ni kaa. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliona kwamba mishipa iliyovimba kandokando ya uvimbe inafanana na miguu ya mdudu huyo. Kiswahili kililipokea neno la Kiarabu, lakini kaa mwenyewe akaachwa forodhani. Asemaye saratani leo haoni mdudu yeyote, isipokuwa mwenye kusoma nyota za falaki. Ni hasara kidogo, kwani mtoto wa pwani amjua kaa vizuri: hakimbizwi kwa kelele, na mwenye kumtaka humuwahi kabla hajazama shimoni. Kabla ya hapo, na hata baada yake, watu walisema donda ndugu, jina lililokusanya pamoja madonda yote yanayokula nyama na kuenea. Yaani lugha ilikuwa na jina la mwisho wa maradhi, wakati nguo haiwezi tena kusitiri harufu. Jina la mwanzo, la kokwa ile ya ukwaju, haikuwa nalo.

Kisa cha kale kabisa cha mwanamke aliyesita namna hii kimeandikwa na Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Atossa alikuwa binti wa mfalme Cyrus wa Uajemi na mke wa mfalme Darius. Hakukosa mali wala matabibu. Akatokwa na uvimbe katika ziwa, na Herodotus asema kwamba ulipokuwa mdogo aliuficha kwa sababu ya haya, asimwambie mtu. Ulipopasuka na kuanza kuenea ndipo alipomwita Democedes, tabibu wa Kigiriki aliyekuwa mateka katika jumba la mfalme. Democedes akakubali kumtibu kwa sharti: Atossa aape kwamba atamtimizia jambo moja atakalomwomba, naye akaahidi kwamba hatamwomba neno lolote la aibu. Tazama jinsi haya ilivyosimama kati yao hata hapo, malkia akiwa na ziwa lililopasuka na mtumwa akiwa na dawa: bado palihitajika ahadi ya heshima kabla ya mkono kugusa. Atossa akapona, na Democedes akautumia upendeleo wake kupanga safari iliyomrudisha kwao Croton. Wanahistoria wa tiba wamebishana juu ya uvimbe ule. Wako waonao kuwa ulikuwa jipu, kwa kuwa saratani iliyofikia kupasuka isingepona kwa dawa za zama zile. Kwa suala lililopo haidhuru. Herodotus hakuhitaji kuwaeleza wasomaji wake kwa nini malkia alificha. Neno moja lilimtosha, na miaka 2,500 baadaye bado lamtosha msomaji wa visiwani.

Ushahidi wa pili ni wa mtu aliyezijua gharama za kuchelewa kwa kisu chake mwenyewe. Al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake Al-Tasrif kwamba saratani ikiwa changa na ndogo, mahali ambapo yaweza kuondolewa yote, kama vile katika ziwa, tabibu aweza kuikata. Lakini ikiwa kubwa na ya siku nyingi, hakupata kumponya mtu hata mmoja, wala hakumwona mwingine aliyeponya. Ni nadra kwa bingwa kukiri hivyo kwa maandishi. Dawa zimebadilika sana tangu zama zake, na siku hizi wako wengi wanaopona hata uvimbe ukiwa si mdogo, lakini tofauti aliyoieleza baina ya mapema na marehemu haijafutika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya maziwa, na watu 670,000 walikufa kwayo. (Na wanaume hawakusazwa: katika kila wagonjwa mia, huenda mmoja akawa mwanamume, naye huchelewa kwa haya ya namna nyingine, ya kuona kwamba maradhi haya ni ya kike.) Upande wa pili wa hesabu hautangazwi kwa sauti kama huu: vivimbe vingi vinavyoonekana katika ziwa si saratani. Ni vifuko vya maji, ni tezi, ni uvimbe wa kawaida wa ujana, na vingine huja na kuondoka pamoja na siku za mwezi. Kwa hiyo wako wanawake wanaobeba hofu ya kifo mwaka mzima kwa kitu ambacho kingewatoka rohoni asubuhi moja.

Basi mwanamke wa bafuni anangoja. Mwanzoni kungoja kwake ni kwa busara. Anasema atatazama siku zake zipite. Zinapita, kitu kipo. Kisha yaja mengine. Si wakati wa Ramadhani kuzunguka mahospitali. Baada ya Idi kuna harusi ya binti wa dada yake, na mwenye kusuka mikeka ya harusi ni yeye. Baada ya harusi karafuu zimeiva, na pesa za mwaka mzima ziko juu ya mti. Kila sababu, ukiitazama peke yake, ni ya mtu mwema. Hakuna hata moja ya uvivu. Zote ni kazi za watu, na ndiyo maana ni vigumu kumlaumu, na ndiyo maana pia hazitakwisha.

Hapa yafaa kuzisikiliza methali mbili ambazo watu huzitumia kama kwamba ni moja. Ya kwanza: mficha uchi hazai. Siku hizi huambiwa mwenye deni anayeona aibu kuomba muda, au mwanafunzi asiyeuliza. Lakini asili yake ni chumba cha uzazi. Humo mwanamke mwenye haya kuliko wote hujifunua mbele ya mkunga, na akitoka hakuna asemaye kwamba amepungukiwa na heshima hata chembe. Ina maana kwamba jamii hii, tangu kale, ilikwisha kukubali kuwa yako macho ambayo yakiona hayachani sitara. Mafakihi nao waliliafiki kwa njia yao: penye dharura mgonjwa aweza kutazamwa, kwanza na tabibu wa kike, na asipopatikana basi na wa kiume, kwa kadiri ya haja na si zaidi. Mlango, kwa hiyo, uko wazi zamani. Swali ni kwa nini mwanamke aliyeupita mara tano akiwa mzazi anasimama kizingitini mara ya sita.

Huenda ni kwa sababu mara zile tano aliingia kwa ajili ya mwingine. Uchi wake ulikuwa na kisingizio kitukufu, naye alitoka amekibeba mikononi. Safari hii hakuna wa kubebwa. Anayetakiwa kuokolewa ni yeye peke yake, na hakuna aliyewahi kumfunda kwamba hiyo ni sababu ya kutosha.

Methali ya pili yadai kumsaidia: mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini sikiliza inavyosema. Ya kwanza humwahidi mwanamke mtoto. Hii humtisha kwa mayowe ya watu watakaokuwa wamebaki. Hata katika methali iliyotungwa juu ya maradhi yake, wenye kusema ni wengine. Na wa kwanza kulijua jambo huwa ni wanawake wanaomwosha. Hao ndio hulifunua ziwa ambalo daktari hakuonyeshwa, chini ya shuka, kwa mikono ya taratibu, na adabu ya kazi yao huwataka wakisitiri walichokiona. Wanasitiri. Wanarudi majumbani wamenyamaza, na siri ya marehemu yakaa kwao, imefika mahali ambapo haiwezi tena kumfaa mwenyewe.

Wahimizaji wengi wameuona ugumu huu na wakatafuta njia ya kuuzunguka. Humwambia mwanamke: wafikirie wanao. Hoja hiyo hufanya kazi, na lau imemfikisha hospitali mtu mmoja si ya kubezwa. Lakini ina kasoro ambayo haifai kufumbiwa macho. Inauacha ugonjwa wa msingi ulivyo, yaani ile dhana kwamba uhai wa mwanamke hupata thamani kwa wale wanaouhitaji. Aliye tasa je? Mjane ambaye wanawe wamehamia Muscat au Dubai na hujitosheleza kwa kumpigia simu Ijumaa? Bikizee wa miaka 70 anayejiona kuwa yuko njiani hata hivyo? Kama sababu ni watoto, basi hawa wana sababu pungufu, na hilo hakuna atakayethubutu kulisema mbele yao. Elimu ya dini iliyo mikononi mwa kila mtu wa visiwani ina neno bora zaidi, nalo ni amana. Mwili umewekwa kwa mtu, naye ataulizwa habari zake yeye mwenyewe, si mumewe wala mwanawe. Mwenye kuwekewa amana hawezi kujitetea kwamba hakuna jirani aliyekuja kuiulizia.

Ipo hoja ya upande wa pili nayo ni nzito. Mtu mzima ana haki ya kukataa kisu. Ana haki ya kusema kwamba amezipima siku zilizobaki na machungu ya dawa, nywele kutoka, pesa za nyumba kwisha, safari za boti kwenda Dar es Salaam ambako wagonjwa wengi wa visiwani kwa miaka mingi wamepelekwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, na ameamua kukaa kwake akitulizwa maumivu na kuombewa dua. Anayeamua hivyo huku akijua hadhulumu nafsi. Ametumia mamlaka aliyonayo. Tofauti iko kwa asiyejua. Asiyejua hajaamua chochote, kokwa ndiyo imemwamulia. Na kombe lililoandikwa kwa zafarani, au dawa ya majani ya mganga, halina ugomvi na daktari mpaka linapopewa zile wiki ambazo zilikuwa za daktari.

Kisha kuna kumwambia mtu. Mwanamke wengi humwambia kwanza mwanamke: dada, shoga, somo wake wa zamani ikiwa yu hai. Ni njia nzuri, kwa sharti kwamba yule aliyeambiwa asiwe kaburi la pili la siri. Kwa mume jambo lina ugumu wake, maana wako wanawake wasiotoka bila ya ruhusa, na wako wanaoogopa kwamba ziwa likiondoka na mume naye ataondoka. Hofu hiyo haitoki hewani. Imewahi kutokea, na kila mtaa wajua ilipotokea. Lakini pana umbali baina ya kumwarifu mtu na kumwomba ruhusa ya kuendelea kuishi, na mume mwenye kustahili jina hilo hatataka aombwe hiyo ya pili.

Mwandishi wa Kiingereza Fanny Burney alikuwa akiishi Paris alipoanza kusikia uchungu katika ziwa la kulia mwaka 1810. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mumewe alimsihi amwone tabibu, naye akapuuza kwa muda. Hatimaye, tarehe 30 Septemba 1811, alikatwa ziwa chumbani mwake bila ya dawa ya usingizi, na aliyeshika kisu ni Larrey, tabibu wa jeshi la Napoleon. Burney alipanga mambo ili mumewe asiwepo nyumbani siku ile. Wanaume saba waliovaa nguo nyeusi waliingia. Walipotaka wanawake waliokuwamo watoke, yeye ndiye aliyepaza sauti wabaki. Wawili walikimbia, mmoja akabaki. Wakamfunika uso kwa leso nyembamba ya kitambaa cheupe, kwa kumsitiri na kumhurumia. Leso ilikuwa nyepesi mno. Aliwaona wote kupitia humo, na akauona mng'aro wa chuma. Aliyashuhudia yote hayo katika barua ndefu aliyomwandikia dada yake mwaka uliofuata, barua iliyomchukua miezi kuimaliza na ambayo hakuweza kujitia moyo kuirudia kuisoma. Aliishi baada ya hapo zaidi ya miaka 28, akafariki mwaka 1840.

Mambo mawili katika kisa hiki yapita mengine yote. Kuna leso ile, ambayo haikumficha mtu yeyote, wala haikumzuia yeye kuona. Na kuna amri yake kwamba wanawake wabaki chumbani. Yeye aliyekuwa hana uwezo wa kitu chochote kingine saa ile, aliuliza haya yake inataka nini, akakiomba hicho. Mwanamke wa visiwani anayeuliza kama kuna daktari wa kike, au anayetaka muuguzi asimame karibu pazia linapovutwa, asionekane msumbufu. Anafanya lile lile.

Wako wanaofika hospitali na bado wasifike. Hukaa benchi tangu alfajiri, jina likaitwa, wakaingia, na mbele ya kijana mwenye koti jeupe aliye rika la mwanao, ulimi ukageuka: wakasema kichwa, wakasema mgongo, wakasema homa za usiku. Wakapewa vidonge vya kutuliza maumivu ambayo hawakuwa nayo. Ni safari chungu, na msomaji asiicheke. Baada ya hapo kinachofanywa ni kidogo kuliko kilichoogopwa: mikono hupapasa, picha hupigwa, na pengine sindano huchukua chembe kidogo ya nyama ikapimwe. Wako wanaoamini kwamba sindano ile huyaamsha maradhi. Haiyaamshi. Huyauliza jina tu, na aghalabu jibu huwa ni jina dogo.

Basi karafuu zimekwisha kuanikwa, na mwanamke wa bafuni amekaa benchi. Dada yake yuko kando, ameshika mkoba. Ameoga asubuhi, na mkono umekipita kile kitu bila ya kusimama, kwani umekwisha kukizoea. Jina linaitwa. Ndani yumo daktari na muuguzi wa kike, pazia liko nusu. Anaulizwa kama watu wote wanavyoulizwa: mama, unaumwa nini?

Anatazama sakafu kidogo.

“Siumwi,” asema. Kisha anaufungua upindo wa kanga.